Mkono Usiouma Nao Unaweza Kuwa Mgonjwa: Zijue Neva za Mkono Wako

Sisi wahudumu wa afya ya jamii tunapopita nyumba kwa nyumba, tunasikia mengi kuhusu maumivu. Anayeumwa jino halali, na asubuhi anakuwa kwenye foleni ya kituo cha afya kabla mlango haujafunguliwa. Anayeumwa tumbo ni hivyo hivyo. Lakini yupo mtu mwingine ambaye hatumwoni kituoni. Ni yule ambaye kidole chake kidogo kimekufa ganzi tangu mwaka jana. Anashika sufuria ya moto bila kustuka. Sahani inamponyoka mkononi, naye anasema ni uchovu tu. Hasikii maumivu popote, kwa hiyo anaamini yeye si mgonjwa.

Katika toleo hili tunataka kukuonyesha kwamba mtu huyo hapaswi kungoja. Ili uelewe sababu yake, ni lazima kwanza ujue jinsi mkono wako unavyopata nguvu na hisia. Usiogope, hili si somo la madaktari peke yao. Kaa chini, kunja mikono ya shati, na usome huku ukijipapasa.

NEVA NI NINI?

Neva ni nyuzi nyeupe zinazounganisha ubongo na uti wa mgongo na sehemu zote za mwili. Wengine huziita mishipa ya fahamu. Usizichanganye na mishipa ya damu, wala na kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa.

Neva za mkono zina kazi tatu:

1. Kupeleka amri kwenye misuli: kunja, nyoosha, shika, achia.
2. Kurudisha habari kutoka kwenye ngozi: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hiki ni kitambaa.
3. Kuamuru jasho litoke, ili ngozi ibaki laini.

Baadhi ya habari hizo husafiri mkononi kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Unaondoa kidole kwenye kaa la moto hata kabla hujafikiri. Neva ikifa, kazi zote tatu husimama: msuli unalegea na kukonda, ngozi haisikii kitu, na kwa kukosa jasho inakauka na kupasuka.

SAFARI INAANZIA SHINGONI

Wengi wanadhani neva za mkono zinaanzia begani. Sivyo. Zinatoka kwenye uti wa mgongo, shingoni na mwanzo wa kifua. Kila mkono una mizizi mitano: minne ya chini ya shingo na mmoja wa kwanza wa kifua. Mizizi hiyo inapita nyuma ya mtulinga, juu ya ubavu wa kwanza, na njiani inaungana na kuachana na kuungana tena, kama miyaa inavyosukwa kuwa ukili. Inapofika kwapani, zinatoka neva kubwa tano.

Mbili zinafanya kazi yake huku juu. Ya kwanza ni neva ya kwapa, inayozunguka mfupa chini kidogo ya bega na kukuwezesha kuinua mkono kwenda pembeni. Ya pili ndiyo inayoukunja mkono kwenye kiwiko, unapopeleka tonge mdomoni. Tatu zilizobaki zinateremka mpaka kwenye kiganja. Hizi ndizo tunataka uzijue kwa majina: radiali, mediani na ulna.

NEVA YA RADIALI: ANAYEINUA NA KUNYOOSHA

Neva hii inapita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, ikiwa imeulalia mfupa wenyewe. Ndiyo inayonyoosha kiwiko, inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Kwenye ngozi, inasikia upande wa nyuma wa kiganja karibu na kidole gumba.

Ikiumia, kiganja kinaning'inia chini kama jani lililonyauka na mtu hawezi kukiinua. Kwa kuwa iko karibu sana na mfupa, mfupa huo ukivunjika katikati ni rahisi neva nayo kuumia.

NEVA YA MEDIANI: ANAYESHIKA

Hii inateremka katikati ya mkono kwa mbele. Kwenye kifundo inapita katika njia nyembamba yenye mifupa chini na utando mgumu juu, ikibanana humo pamoja na kano tisa za kukunja vidole. Inaendesha misuli mingi ya kukunja vidole na ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Inasikia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, upande wa kiganja.

Bila neva hii huwezi kukutanisha kidole gumba na vidole vingine vizuri. Jaribu kushika sindano ya kushonea au punje ya maharage bila kidole gumba, utaona thamani yake.

NEVA YA ULNA: FUNDI WA KAZI NDOGO

Kunja mkono wako sasa. Upande wa ndani wa kiwiko utapapasa kifundo cha mfupa. Nyuma yake kuna mfereji mdogo, na ndani ya mfereji huo kuna kitu kama kamba inayoteleza chini ya kidole. Hiyo ndiyo neva ya ulna. Ukijigonga hapo kwenye ukingo wa meza, unasikia kama umeme unakimbia hadi kidole kidogo. Watu husema wamegonga mfupa, kumbe wamegonga neva.

Neva hii inasikia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Inaendesha sehemu kubwa ya misuli midogo iliyo ndani ya kiganja, ile ya kutanua vidole, kuvibana pamoja, kushona, kuandika na kufunga vifungo. Ikifa, kidole kidogo na cha pete vinajikunja kama kucha za ndege, na nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada inabonyea.

JIPIME MWENYEWE KWA DAKIKA TANO

Vipimo hivi havihitaji mashine. Fanya kwa mikono yote miwili na ulinganishe. Mwenzako akusaidie.

1. Radiali: Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini. Inua kiganja juu kwenye kifundo, kama askari anayesimamisha gari. Mwenzako asukume chini taratibu, nawe umzuie.
2. Mediani: Laza mkono mezani, kiganja kikitazama juu. Inua kidole gumba kielekee kwenye paa. Mwenzako akisukume kuelekea chini, nawe umzuie.
3. Ulna: Mkono ukiwa bado umelala hivyo, peleka kidole kidogo pembeni, mbali na wenzake. Mwenzako akisukume kirudi, nawe umzuie.
4. Hisia: Fumba macho. Mwenzako aguse kwa wepesi sehemu mbalimbali za kiganja na vidole kwa ncha ya kalamu. Kila unaposikia, onyesha kwa kidole cha mkono mwingine pale ulipoguswa.

Kama upande mmoja ni dhaifu kuliko mwingine, au kuna mahali uliguswa usisikie, njoo kituoni wiki hii. Usingoje paanze kuuma.

MAMBO YANAYOUMIZA NEVA HAPA KAMBINI

Usingizi mzito juu ya mkono. Mtu aliyelewa anaweza kulala usiku kucha mkono ukining'inia juu ya mgongo wa kiti au ukiwa chini ya mwili wake. Neva ya radiali inabanwa kwenye mfupa, na asubuhi kiganja hakiinuki. Wengi hudhani wamerogwa. Mara nyingi mkono hurudi baada ya wiki au miezi michache, lakini lazima upimwe na kifundo kishikiliwe kwa kibao.

Magongo ya kutembelea. Ukiegemea gongo kwa kwapa, unabana neva kila hatua. Uzito ukae kwenye viganja. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu. Gongo refu mno lirudishwe likatwe.

Sindano za vichochoroni. Mtu mzima huchomwa kwenye nyama nene ya bega, vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa. Ikichomwa chini zaidi au nyuma zaidi inaweza kuingia kwenye neva. Mtoto mchanga huchomwa upande wa nje wa paja. Anayekuchoma nyumbani kwa siri hatakuwepo siku mkono utakapolegea.

Panga na vioo. Kwenye kifundo cha mkono, neva za mediani na ulna ziko karibu sana na ngozi, pamoja na kano na mishipa mikubwa ya damu. Jeraha dogo hapo linaweza kuzikata zote. Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu na inua mkono juu. Damu nyingi husimama kwa kubanwa hivyo. Usikaze kamba au mpira juu ya mkono, maana nao unaweza kuua neva. Mwambie mganga kama vidole havisikii kabla hajakuchoma sindano ya ganzi, kwa sababu baada ya hapo hawezi kujua tena.

Vibao vya kufungia mifupa. Tunawaheshimu wazee wanaounga mifupa. Lakini mkono uliovunjika huvimba, na kibao kilichokazwa huzuia damu kufika kwenye misuli na neva. Vidole vikiwa baridi, vikivimba, vikiwa na ganzi, au maumivu yakizidi mtoto anaponyooshwa vidole, fungua kibao saa hiyo hiyo na mkimbize hospitali. Usingoje kesho, kwa sababu saa chache zinatosha kuharibu mkono wa maisha.

Uzazi mgumu. Bega la mtoto likikwama na kichwa kikavutwa kwa nguvu, mizizi ya shingoni inanyooka kupita kiasi au kukatika. Mtoto huzaliwa na mkono mmoja uliolegea, umeelekea ndani, haukunjiki. Wengi hupona katika miezi ya mwanzo. Asiyeanza kukunja kiwiko anapofikisha miezi 3 lazima apelekwe rufaa. Hii ni sababu nyingine, mama, ya kujifungulia kituoni kwenye mkunga aliyefundishwa.

Kazi ya kurudiarudia. Kutwanga sombe, kukamua nguo, kubeba bidoni kila siku, na pia ujauzito, vinaweza kufanya neva ya mediani ibanwe kifundoni. Dalili yake ni vidole kuwashawasha na kufa ganzi usiku hadi unaamka na kukung'uta mkono. Pumzisha mkono, na ulale ukiwa umefunga kifundo kwa kibao laini ili kisikunjike. Kwa wajawazito wengi hupungua baada ya kujifungua.

UKOMA: ADUI ANAYEKUJA KIMYA KIMYA

Sasa tufike kwa yule asiyesikia maumivu.

Ukoma husababishwa na bakteria aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Norway mwaka 1873. Si laana, si urithi wa ukoo, wala si adhabu. Bakteria huyu hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, yaani ngozi na neva zilizo karibu na ngozi. Unakumbuka ile kamba uliyoipapasa nyuma ya kiwiko? Neva ya ulna iko juu juu pale, na ndiyo maana ni moja ya neva zinazoshambuliwa sana. Inavimba, inakuwa nene, na polepole inakufa.

Ugonjwa huchukua kwa wastani miaka 5 kabla ya kuonekana, na wakati mwingine miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa aliupata kijijini kwake nyumbani na ukajitokeza hapa ukimbizini. Nyumbani Congo, mwaka 2007 ugonjwa ulishuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, na Tanzania ilifika hapo mwaka 2006. Lakini kushuka si kwisha. Kila mwaka wagonjwa wapya bado wanapatikana katika nchi zote mbili.

Dalili za kuangalia ni baka la rangi iliyofifia au nyekundu lisilosikia kuguswa, ganzi ya mikono au miguu, vidole kulegea au kujikunja, na vidonda au malengelenge usiyojua yalikotoka.

Watu wanasema ukoma hukata vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi na wagonjwa huko Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole havianguki vyenyewe. Mtu asiyesikia maumivu anaungua, anajikata, anaendelea kufanya kazi na kidonda, usaha unaingia hadi mfupani, na mfupa unaliwa kidogo kidogo. Aligundua hata panya walikuwa wakitafuna vidole vya wagonjwa usiku bila wao kuamka, na paka wakatolewa kuwa walinzi. Kwa hiyo kinachomaliza vidole ni majeraha, na majeraha yanazuilika.

Tena ukoma unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya dawa mseto. Mgonjwa mwenye bakteria wachache hunywa dawa miezi 6, na mwenye wengi miezi 12. Tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Mkojo ukiwa mwekundu au ngozi ikiwa nyeusi zaidi usiache dawa, ni rangi ya dawa yenyewe na itaisha. Muda mfupi baada ya kuanza tiba mgonjwa hawezi tena kuambukiza wengine.

Lakini hapa ndipo tunapoomba uweke alama. Dawa mseto huua bakteria, haifufui neva iliyokwisha kufa. Neva iliyoanza kudhoofika karibuni, ndani ya miezi 6, inaweza kuokolewa kwa dawa nyingine iitwayo prednisoloni, inayopunguza uvimbe, chini ya uangalizi wa mganga. Baada ya miezi 6 nafasi hiyo inapungua sana. Maumivu ya ghafla kwenye neva, au udhaifu mpya, yanaweza kutokea hata katikati ya matibabu au baada ya kumaliza dawa. Rudi kituoni mara moja.

KUTUNZA MKONO ULIOKWISHA POTEZA HISIA

Macho yako sasa yachukue kazi ya neva.

- Kagua viganja vyote kila jioni, mbele na nyuma, na kati ya vidole.
- Loweka mikono kwenye maji ya kawaida kama dakika 20, kisha ipake mafuta ikiwa bado mbichi. Mafuta ya kupikia yanafaa.
- Shika sufuria kwa kitambaa kinene. Pima joto la maji kwa mkono unaosikia au mwombe mtu.
- Zungushia mpini wa jembe na wa panga kitambaa au mpira.
- Ukiona lengelenge, lifunike na upumzishe mkono, hata kama haliumi.
- Nyoosha vidole vilivyojikunja kwa mkono mwingine kila siku, ili visikakamae.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Neva iliyokatwa inaweza kuota tena?
Ndiyo, ikishonwa mapema na kwa ufundi. Lakini huota kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi vidoleni ni karibu mwaka mzima. Msuli uliokaa muda mrefu mno bila neva hukonda usirudi. Ndiyo sababu tunasema wahi.

Mikono yote miwili na miguu inawaka kama nimevaa soksi na glavu za moto. Ni ukoma?
Si lazima. Kisukari, pombe nyingi, upungufu wa vitamini, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi vinaweza kuleta hali hiyo. Kama unatumia dawa za kifua kikuu usiziache, mweleze mganga akupe vitamini B6.

Mkono na uso upande mmoja vimelegea ghafla. Nifanyeje?
Huenda hiyo ni kiharusi, na shida iko kwenye ubongo. Ita gari la wagonjwa sasa hivi, usisubiri asubuhi.

Nikija kupimwa ukoma, majirani watanikimbia?
Mganga na mhudumu wa afya wanatakiwa kutunza siri yako. Nanyi majirani, ukoma hauenezwi kwa kusalimiana mkono, kula pamoja, wala kuchota maji bombani pamoja. Huambukiza kwa hewa ya pua na mdomo ya mtu asiyetibiwa, kwa kukaa naye karibu muda mrefu, na watu wengi wana kinga ya asili dhidi yake. Anayefichwa kwa kuogopa maneno yetu ndiye anayepoteza vidole, na ndiye anayeendelea kuambukiza wanawe. Msimwite "mkoma". Mwiteni kwa jina lake.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, hapa ukimbizini wengi tumeacha mashamba, nyumba na mifugo. Mikono ndiyo tuliyovuka nayo mpaka. Ndiyo inayopokea mgao, inayolima bustani nyuma ya nyumba, inayosuka nywele, inayoandika barua. Leo jioni, kabla ya kulala, pima mikono yako na ya watoto wako kama tulivyoeleza. Mwenye ganzi, udhaifu au baka lisilosikia aje kituo cha afya kilicho karibu, au amwambie mhudumu wa afya wa kijiji chake. Kupimwa ni bure na matibabu ni bure.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kuwahi ni bora kuliko majuto.